Yaje Ejo

Sogeeni, wanangu. Isaka, zima hiyo redio, na wewe Evaline acha kunipepea, keti hapa nikuone, kwa sababu sauti niliyobakiwa nayo ni hii tu na sitaki kurudia.

Nyumba hii ya Gungu ni yenu wote wawili, sawa kwa sawa. Baba yenu mdogo Japhet akija kutoka Same na lile neno lake la siku zote, kwamba mtoto wa wakimbizi harithi, mpeni chakula, mpeni kitanda, msimjibu; amefiwa sana, na hofu yake hutokea mdomoni. Medali yangu ya vita vya Uganda achukue Isaka. Isiwekwe juu ya jeneza. Wanajeshi watakuja kusema niliokoa wengi, na ni kweli, lakini kila nikisifiwa hivyo hukumbuka ufuko wa Kibirizi.

Kisa cha ejo mnakijua. Tumekicheka mezani miaka yote, nami nilicheka nanyi, maana kukicheka kulikuwa rahisi kuliko kukaa nacho. Mwaka ule Warundi walipovuka ziwa kwa mitumbwi wakikimbia vita, jeshi lilitupatia sisi wauguzi hema na amri: mgonjwa abaki, mzima apande lori aende kambini. Evaline, ulikuwa umekauka kwa kuhara, macho yamedidimia, na mama yako Veneranda alishika kamba ya hema akakataa kuachia. Nilimbandua vidole mwenyewe. Kirundi changu kilikuwa cha maneno machache, na neno moja nililitumia kutwa kuwaondoa watu mlangoni, nikidhani maana yake ni kesho. Nikamwambia, "Ejo, mama. Ejo."

Mama yako alirudi kwa miguu kutoka kambini. Mimi nilikuwa ufukoni napokea majeruhi, na askari wa lango, aliyekuwa ametuona tukizika watoto, akamwambia wa hema lile wameisha. Asubuhi yake bibi mmoja mkimbizi aliyetufulia bendeji akaniambia, "Yaje ejo." Nikafurahi, nikaelewa mama yako atakuja kesho. Kesho yake nikakuogesha, nikakuvika, nikakaa nawe langoni kutwa nzima nikimngoja mtu aliyekuwa ameshakuja. Jioni Ramadhani, dereva wetu, mtu wa Ujiji aliyekijua Kirundi, akaniuliza ninamngoja nani. Nilipomweleza alicheka, halafu akakutazama wewe.

"Afande," akasema, "ejo ni kesho, na ni jana pia. Bibi hakusema atakuja kesho, alisema alikuja jana."

Tulipofika kambini, Veneranda alikuwa ameshavuka ziwa kurudi kwao, akiamini amekuzika kwa maneno ya askari. Simlaumu askari, wala bibi wa watu, wala amri, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na hema lilikuwa moja. Lakini vile vidole nilivibandua mimi, na malezi yote niliyokupa hayajavirudisha kwenye kamba.

Sasa salamu zimetufikia kutoka Rumonge, huko Burundi, kwamba yu hai, na kwamba tumbo limemjaa maji, macho yamekuwa manjano. Wewe umesikia kwamba yu hai. Mimi muuguzi nimesikia na hayo mengine. Kila nikikwambia uende, unanitania, "Nitakwenda ejo, mama," kisha unashika beseni unaniogesha. Mwanangu, usinifanye nimchelewishe mara ya pili.

Isaka... maji kidogo. Hapo, basi.

Usingoje kunizika, Evaline. Isaka anatosha, na majirani wapo. Atakayeuliza kwa nini binti hayupo msibani, Isaka, mwambie mama ndiye aliyemtuma. Boti inaondoka Kibirizi kesho. Nimesema kesho, Kiswahili.

Mungu awatazame. Mpendane... mpendane hata mkiwa ng'ambo mbili za ziwa. Ukimkuta, mwambie mimi... hapana. Usimwambie kitu. Mpe mkono wako aushike. Na usiutoe, mwanangu, mpaka aachie mwenyewe.