Darasa la Hoja Lisifungwe

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya chuo chetu, zile kelele ulizozisikia ukiwa bado kwenye ngazi, meza ikigongwa na mtu akipaza sauti, "Bado! Hayo si yangu!", hazikuwa ugomvi. Lilikuwa somo.

KARIBU

Umefika wakati bodi inajiandaa kuamua kama somo la insha ya hoja lifutwe mwisho wa muhula. Asante kwa kuja kutusikiliza kabla ya uamuzi, si baada yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi, tusifichane, tuna homa.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanafunzi wa ufundi: umeme, mabomba na ushonaji. Tulipoingia darasa hili tulidhani kushawishi ni kupaza sauti. Mwalimu wetu, tunayemwita Mama Ushahidi naye huitika, alitupa insha ya kwanza: je, wanafunzi wote walazimishwe kulala bwenini? Zaidi ya nusu yetu tulimnukuu mtaalamu mmoja tuliyemkuta mtandaoni. Mwalimu akatuagiza tumtafute huyo mtaalamu ni nani. Tukalifuata jina lake la bandia ukurasa hadi ukurasa, tukamkuta ameketi nyuma yetu: mwenzetu tunayemwita Redio.

"Redio, utafiti huu uliufanyia wapi?"

"Kitandani, Mama. Nilijiandikia tu. Nani aliwatuma hawa waniamini?"

Yeye mwenyewe hakuwa amemnukuu mtaalamu huyo. Tulicheka mpaka machozi, kisha tukaandika upya.

Tangu hapo tuna desturi. Humpingi mtu kabla hujaieleza hoja yake mbele yake, mpaka mwenyewe akiri, "Hayo ndiyo yangu." Asipokiri, unarudia.

TULICHOVUNA

Mwenzetu wa mabomba alipokuwa mafunzoni kazini, msimamizi wake alishikilia kwamba ukuta mmoja unaloa kwa uzembe wa wapangaji. Dada huyu alirudia kwanza sababu zote za msimamizi, bila kejeli. Kisha akamwonyesha kwamba ukuta huloa hata wapangaji wakiwa safarini.

"Wewe dada," msimamizi akasema, "umenipinga na sijasikia tusi. Haya, bomoa tuone."

Bomba lilikuwa limepasuka humo ndani.

KINACHOTUSUMBUA

Kwa desturi yetu, tuanze na yako. Unasema saa za karakana hazitoshi, na mwanafunzi anahitimu hajaizoea mashine. Unasema kompyuta siku hizi huandika insha kwa kufumba na kufumbua. Unasema mwajiri hutafuta mikono, si maneno. Mgeni rasmi, hayo ndiyo yako? Kama tumepunguza, tusahihishe hapa hapa.

La kwanza ni kweli tupu. Cherehani tunazisubiri kwa foleni.

Kuhusu kompyuta, tuliijaribu kwa swali lile la bweni. Ikatuandikia insha laini kama hariri, na ndani yake yumo Redio.

Kuhusu waajiri, tulikwenda kuwauliza. Baadhi walituambia wazi kwamba insha hawaijali hata kidogo. Mmoja wetu alitaka hao tuwaache nje ya risala, tulimzomea. Lakini wengi walilalamikia jambo moja: fundi kijana akiona kosa la mkubwa wake, ama hunyamaza ama hugombana. Njia ya katikati haijui. Mgeni rasmi, njia hiyo ndiyo tunayofundishwa humu.

Mwandishi wa risala hii aliitaka yote iwe shairi. Wenzake wakamwambia, "Kaka, vina tunavisikia, ushahidi uko wapi?" Wakamwachia mishororo miwili tu:

Hoja si ukali wetu, wala si wingi wa watu,
Hoja ni kupima kitu, japo kivunje cha kwetu.

OMBI LETU

Saa zetu zichukueni ziwe za karakana. Tuhamishieni somo hili Jumamosi asubuhi, tutakuja na wala hatutanuna. Ila Mama Ushahidi abaki. Na kabla ya kupiga kura, wajumbe wa bodi waje waketi darasani siku moja, watupinge. Hatuombi huruma, tunaomba kupimwa. Tukishindwa kwa hoja, tutanyamaza.

Mola akupe afya, subira na masikio mapana, akufikishe nyumbani salama. Ni sisi, wanafunzi wa Darasa la Hoja.

Na ninyi wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, mliojaa pale mlangoni, mliotuuliza asubuhi kama mwakani mtalikuta darasa hili: jibu hatuna, analo mgeni wetu. Lakini tunawaahidi mbele yake. Bodi ikilifunga, tutawaeleza sababu zake kwa haki, bila kuzipinda. Kisha tutawafundisha sisi wenyewe. Hatutafika alipofika Mama Ushahidi, tunalijua hilo. Ila hamtatoka chuo hiki mkiwa mnaogopa kumtazama mkubwa usoni na kumuuliza kwa adabu, "Umejuaje?"