Bibi Kidole, Mpika Sukari wa Kiwanda Chetu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, marehemu dada yetu hakupenda hotuba za kuzunguka. Mimi mdogo wake wa mwisho nitayasoma haya kama ambavyo angetaka yasomwe.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Aprili 1952, katika chumba namba 17 cha kambi ya wakata miwa, mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba alikata miwa, mama alipanda miche. Kiwanda cha sukari kilikuwa na umri wa miaka miwili, kikiwa na mashine moja ya kukamua na bomba moja la moshi. Marehemu alizoea kusema kiwanda ni kaka yake, kamtangulia kidogo tu.

Alisoma shule ya msingi ya kampuni kuanzia 1959 hadi 1965, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1969. Mwalimu wake wa kemia alimwandikia baba hivi: “Binti yako anauliza maswali mpaka kengele inachoka.” Baba hakujua kusoma. Alisomewa barua ile na jirani, akaomba arudiwe.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda kuosha chupa, na baada ya miaka mitatu alikuwa akipima juisi ya miwa yeye mwenyewe. Mwaka 1978 kiwanda kilipanuliwa na kufungiwa matangi mapya ya kupikia. Marehemu akaomba kupanda ghorofa ya wapika sukari, ambako hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kufanya kazi.

“Dada, huku juu kuna joto,” mpishi mkuu alimwambia.

“Kwani mzee, jikoni kwangu kuna barafu?”

Mpishi mkuu alicheka, akampa mwezi mmoja wa majaribio. Marehemu alikaa miaka thelathini na minne. Huko ndiko alikopata jina la Bibi Kidole, kwa sababu alivuta tone la sukari nzito kati ya kidole gumba na cha shahada, na kwa ule uzi akajua kama punje zimeiva. Msimu wa 1986 kiwanda kilitoa tani elfu sitini na mbili, nyingi kuliko msimu wowote kabla yake. Zamu yake haikuharibu pishi hata moja.

Tarehe 8 Disemba 1973 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa trekta la miwa. Uchumba wao ulijulikana kiwanda kizima, maana karani wa mizani alishindwa kuvumilia. “Wewe dereva, trekta lako lina ugonjwa gani? Mbona likifika dirisha la maabara linakosa nguvu?” Walijaliwa watoto wanne. Shemeji alitangulia mwaka 2009.

Tarehe 30 Juni 1999 wamiliki wa wakati huo walifunga kiwanda, wakaondoka. Wengi wetu tulihama. Yakaanza maneno kwamba mitambo itakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Marehemu alikusanya wenzake kumi na mmoja, wakamshawishi mlinzi wa geti, na kila Jumamosi asubuhi waliingia kupaka grisi. Roli za kukamulia walizizungusha kwa nondo ndefu, watu wanane kwa pamoja, robo mzunguko, ili zisigande. Watu waliwacheka. Hata shemeji alinung'unika, “Mke wangu, tunatunza chuma cha watu.” Akamjibu, “Basi lete hilo kopo la oili, mume wangu.” Akaleta. Walifanya hivyo miaka minne, bila kulipwa na mtu.

Wamiliki wapya walipokuja kukagua, mhandisi wao alipitisha mkono kwenye roli, ukatoka na grisi mbichi.

“Nani kapaka hii?”

“Sisi,” akasema marehemu.

“Kwa amri ya nani?”

“Watoa amri waliondoka, bwana. Grisi ilibaki.”

Mhandisi alikaa juu ya ndoo, akaomba majina yao wote. Kiwanda kiliwashwa tena tarehe 19 Julai 2003, na pishi la kwanza alilipika yeye. Siku ile nilimwona dada yangu akilia hadharani, mara moja tu maishani mwangu. Alistaafu mwaka 2012.

Mwaka 2017 aligunduliwa kuwa na kisukari. Daktari alipomwambia aachane na sukari, alijibu, “Daktari, nilishastaafu.” Mwezi Julai mwaka huu wa 2023 ugonjwa wa figo ulimzidi nguvu. Alilazwa wiki tano, akafariki Jumapili tarehe 3 Septemba, saa nane na robo mchana, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake mkubwa.

Leo miwa inasagwa. Zamu nzima ya wapika sukari iliomba ruhusa ya muda wa saa tatu kuja kumzika, na uongozi ukasimamisha matangi. Wanawake saba wa zamu hiyo ndio waliobeba jeneza.

Marehemu ameacha watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na wadogo zake watatu tunaojivunia kuitwa ndugu zake. Mungu ampokee mpendwa wetu, na ampumzishe kwa amani.