Jumla Iliyokataa Kubadilika

Pale Bulyaga, pembeni ya njia inayopanda kutoka stendi, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, Sekela huwa ameshawasha jiko lake la mkaa na birika la kahawa linafuka. Wateja wake wa kila siku ni watatu. Kuna Mwalimu Andrea, mstaafu wa miaka sabini na moja, aliyefundisha hesabu shule ya msingi na bado anasahihisha chenji za watu njiani. Kuna Nelson, wa bodaboda za Kisondela, anayeitwa Chuma kwa sababu hata mvua ya siku tatu haimpi mafua. Na kuna Anosisye, ambaye kijiwe kizima kinamwita Geti, maana mwaka wa kumi na moja huu analinda geti la kampuni inayofungasha parachichi.

Jumatano moja Geti alifika. Alipokea kikombe, akakishika bila kunywa, na wenzake wakajua mambo hayakwenda vizuri. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mwisho wa Juni ulinzi utapewa watu wa nje, na walinzi wake waende nyumbani. Zilibaki nafasi mbili tu za ukarani wa kupokea mizigo. Yeyote angeweza kuomba, mradi anajua kompyuta. Geti akaomba. Kwa wiki kadhaa alikuwa akienda kwenye steshenari ya binti mmoja anayeitwa Tulia, karibu na stendi, akajifunza kuandika kwa kidole kimoja, kisha viwili, mpaka vikafika vinne. Na jana yake ndiyo ilikuwa siku ya usaili.

— Ugonile, Geti, Mwalimu alimsalimia kwa Kinyakyusa. Vipi huko?

— Nimeanguka, Mwalimu.

Akawasimulia. Bi Hellen, meneja wa ofisi, aliwapa orodha ya kreti za parachichi kutoka vijiji kumi na viwili, waiingize kwenye programu ya hesabu ya Excel na waweke jumla. Geti aliandika namba zote bila kukosea hata moja. Alipofika kwenye jumla akapiga hesabu kichwani, kama alivyofundishwa darasa la nne na huyuhuyu Mwalimu Andrea, akaandika mia nne na kumi na mbili. Ilikuwa sahihi. Bi Hellen akasogeza kiti, akafuta thelathini ya kijiji kimoja, akaandika hamsini. Jumla ikabaki palepale, mia nne na kumi na mbili. Bi Hellen akamwuliza kwa upole kwa nini jumla haijabadilika, naye akaanza kujumlisha upya kichwani. Nafasi moja ilipata mtu. Ya pili ilikosa wa kuiweza, na usaili wake ungerudiwa baada ya wiki tatu.

— Sasa nawauliza ninyi, Geti alisema. Kwa nini haikubadilika?

Chuma alijibu kabla ya wote. Ni mtandao, alisema. Simu yake mwenyewe bando likiisha huganda hivyohivyo, unagusa huku, yenyewe iko kule. Sekela akageuza mkaa, akasema mashine za ofisini huzoea mikono ya wenyewe. Dada yake aliwahi kufanya usafi kwenye ofisi fulani, akapitisha kitambaa juu ya vitufe, kompyuta ikalia mpaka mwenyewe aliporudi kuituliza. Hapo Chuma akaona mtandao hautoshi. Akadai kuna mtu amekaa Dar, anaziona kompyuta zote za nchi, na yeye ndiye anayeamua nani abadilishiwe jumla na nani asibadilishiwe. Nafasi zile zilikuwa na wenyewe tangu Krismasi.

Mwalimu alisubiri wanyamaze. Kwa maoni yake mkosaji alikuwa Bi Hellen. Mtu ameshatoa jibu sahihi, unambadilishiaje swali? Miaka thelathini na minne ya ualimu hajawahi kumfanyia mtoto uonevu wa namna hiyo.

Waliendelea kubishana, na Geti akawa anasikiliza huku kahawa yake ikipoa. Alihisi nafuu, kisha ile nafuu ikamtia hofu. Aliona kwamba kila jibu alilopewa pale lilikuwa linamruhusu aende zake nyumbani. Kama ni mtandao, si kosa lake. Kama ni mtu wa Dar, si kosa lake. Na Juni ingefika tu.

— Nakwenda kumwuliza Tulia, alisema, akainuka.

Tulia hakucheka. Alimwandikia namba tatu kwenye kioo cha kompyuta, chini yake akaweka alama ya sawasawa, kisha maneno mafupi, jumla ikajitokeza yenyewe. Akabadilisha namba moja, jumla nayo ikabadilika.

— Baba, kule uliandika namba tu. Kompyuta haikujua kama ile ni jumla. Lazima uiambie ijumlishe kutoka kisanduku hiki mpaka kile.

— Mbona hukunifundisha?

— Uliniambia unataka kuandika barua. Nikakufundisha barua.

Geti alivuta kiti, akauliza wanaweza kuanza lini. Tulia akamwambia waanze sasa hivi, umeme ukiwa bado upo.

Kesho yake aliwaeleza wenzake. Chuma alikubali haraka, lakini Mwalimu aligeuza uso akatazama barabara.

— Kwa hiyo kichwa nilichokujaza mimi siku hizi hakina kazi.

— Kina kazi, Mwalimu. Namba moja ikiingia vibaya, nani atagundua?

Mwalimu aliondoka kabla ya kumaliza kahawa yake. Ila asubuhi iliyofuata alikuja na karatasi yenye namba ishirini alizoandika usiku. Tulia alikuwa ameweka programu ile ya Excel kwenye simu ya Chuma, yenye kioo kilichopasuka pembeni, kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Mwalimu anasoma, Geti anaingiza, Chuma anabadilisha namba kwa kushtukiza. Siku za mwanzo Mwalimu alimaliza hesabu kichwani kabla simu haijapata namba ya mwisho. Wiki ya pili walikwenda sawa. Wiki ya tatu Mwalimu aliinua mkono, akamwomba Geti apunguze mwendo ili naye amalize kujumlisha.

Siku ya usaili mvua ilinyesha tangu alfajiri, Chuma akampeleka mpaka mlangoni. Safu ya kwanza Geti aliifuta mara mbili. Bi Hellen alibadilisha namba, jumla ikaifuata. Akamtaka apange vijiji kuanzia vyenye kreti nyingi. Hilo Geti alilifanya polepole sana, waombaji wengine wakiwa wameshamaliza, lakini alilifanya, kisha akarudi kuhesabu kichwani na kuona inalingana. Bi Hellen alimkuta anahesabu, akamsubiri amalize. Ijumaa wakampigia simu: aanze Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio.

Jumamosi kijiweni kulikuwa na mgeni, Lilian, anayechambua majani kwenye kiwanda cha chai, ambaye alisimama kupata kikombe kabla ya kupanda kwenda Kawetele. Alimsikiliza Chuma akisimulia habari nzima kana kwamba usaili aliufanya yeye. Ilipoisha akamgeukia Geti.

— Kaka, ulianza kujifunza ukiwa na miaka mingapi?

— Arobaini na minne.

— Na sasa una mingapi?

— Arobaini na minne.

Lilian alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo. Kisha akawatazama Chuma, Mwalimu na Sekela, mmoja mmoja.

— Na ninyi wengine, mnaanza lini?

Chuma akaangalia tairi la mbele la pikipiki yake. Mwalimu akasafisha miwani. Sekela aliinua birika kumwongezea kila mtu, akaliinamisha mpaka mwisho, na likatoa tone moja tu.