Taulo Nyuma ya Mlango

Wallahi haya ni kweli tupu, sikuongeza hata chembe ya chumvi. Mstaafu mmoja alikuwa ndani ya basi, mchana kweupe, nyuma ya wanawake wawili. Alijifanya amesinzia, lakini masikio yalikuwa macho.

"Dada, taulo la marehemu mume wangu linanuka uvundo," mjane alilalamika. "Nimeliloweka kwenye siki, nimelifua kwa maji ya moto, wapi! Wanangu wakija kunitembelea huapa kulichoma."

"Labda unalikunja bichi," alisema jirani yake, dobi mwenye vidole vilivyochujuka kwa sabuni.

"Juani linakauka kau! Nalitundika nyuma ya mlango wa bafu, pale pale alipopazoea. Asubuhi nalikuta limeloa chepe. Na naishi peke yangu."

Dobi akasogea kando kidogo. "Basi lifungie kabatini, mama."

"Halafu yeye ajifutie nini?"

"Mpe la kubadilishia!" mstaafu akaropoka. "Hilo lipate kukauka!"

Wanawake wakageuka. "Kumbe babu hulali!" dobi akamsuta. "Haya, mshauri, basi toa lako."

Mstaafu, kwa aibu, akavua kitaulo kilichokuwa shingoni mwake. Mjane akakinusa, akatabasamu.

"Atakipenda," alisema. Basi likasimama, akateremka nacho.