Mwasumini Kwenye Kopo la Rangi

Benchi la muuza kahawa liliegemea ukuta wa kinyozi, na jioni hiyo lilikuwa na mgeni rasmi: kopo la rangi lenye kijiti cha mwasumini, majani yameinama kama masikio ya punda aliyesutwa. Fundi Pindo, mshona nguo, alikuwa amelipakata. Nyumba ya marehemu mama yake ilikuwa imeuzwa, mwasumini umekatwa, uani sasa ni sakafu tupu. Kilichobaki duniani ni kijiti hicho, nacho kilikuwa kinaaga.

— Tatizo ni udongo, — alisema Zege, mwashi. — Wa mfinyanzi mtupu huu! Unashika maji, mizizi inakosa pumzi. Tia mchanga. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

— Wahenga walikuwa wanalea watoto, si miti! — Pindo alidakia. — Na sakafu ya uani kwa mama kamwaga nani?

— Kazi ni kazi, kaka.

Kinyozi, aliyeitwa Kipara kwa sababu ya msitu wa nywele kichwani, alikohoa.

— Mchanga haushibishi mti. Udongo unataka vitu vilivyooza. Nywele ninazofagia kila siku, fukia humo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Uote ndevu? — Pindo alicheka.

— Cheka tu. Udongo una kumbukumbu, bwana. — Macho ya Kipara yalilegea juu ya mvuke wa kikombe. — Ukilala, unaota. Udongo wa kwenu ulikuwa unamwota mama. Huu wa kopo unaota rangi. Mti wako umelazwa kwenye ndoto ya watu!

Hakuna aliyecheka.

— Basi tuuimbie, — alisema Zege, na hakuwa anatania.

Dada mmoja, mgeni kijiweni, alikuwa amesimama akisubiri kikombe chake. Aliinama, akaugusa udongo kwa kidole.

— Shikamoo, baba. Kwani huyo mama alikuwa anaumwagia nini?

Pindo aliliegemeza kopo kifuani. Maisha yake yote ile harufu ya mwasumini ilimwingilia dirishani, akaivuta bure kama hewa.

— Marahaba. Nilikuwa nimelala, — alisema.

Kila alfajiri, ndani ya usingizi, alisikia mlango wa uani, ndara zikiburuzwa, kisha kitu kikimwagwa: chwaa. Maji ya mchele? Ya vyombo? Alijigeuza upande wa pili tu.

— Kahawa imekwisha, jamani, — alisema muuza kahawa. Akalisuuza birika, akamwaga maji na machicha ukutani.

Chwaa.

Pindo alifumba macho. Akaliinua kopo taratibu, akalisogeza chini ya mdomo wa birika.

— Rudia, — alinong'ona. — Leo niko macho.