Mkono Kichwani

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Leo mnivumilie, sikuja na sauti ya upole. Nina hasira, na nitaisema ilivyo. Majina ya wote ninayo, hata la yule aliyekuwa akiita foleni pale zahanati, lakini siyataji. Wengine wenu mmo humu. Mkijijua, tulieni mnisikilize.

Mimi nimebeba mahindi kichwani tangu msichana, kule Kate. Hata nilipohamia hapa Malangali kwa mwanangu sikuacha. Mwaka juzi, tukiwa tunamaliza mavuno, shingo ikaanza kukaza. Nikasema uchovu. Kisha maumivu yakashuka begani, yakafuata mkono wa kulia mpaka kidole gumba, kama moto unaokimbia kwenye uzi. Vidole vikafa ganzi. Siku moja nasonga ugali wa ulezi, mwiko ukaniponyoka, sufuria ikapinduka. Mimi mjane. Mkono huu ndio unaonilimia. Nikiupoteza, nitakula kwa kuhurumiwa.

Zahanati nilikwenda mara nne. Ndugu zangu, nawaambia, mara nne! Wa kwanza aliniuliza umri, akasema, "Bibi, huo ni uzee." Mwingine akanitoboa kidole kupima malaria. Malaria ya mkono mmoja? Wote waliandika vidonge, hakuna aliyenigusa shingo. Mbuzi mnadani hushikwa mgongo na kufunuliwa mdomo kabla hajanunuliwa. Mimi sikushikwa popote.

Sasa, kitu kimoja niligundua mwenyewe. Nikiuweka mkono ule juu ya kichwa, maumivu yanapoa. Nikiushusha, yanarudi. Basi nikawa nakaa hivyo jikoni, barazani, hata kanisani. Nanyi mnajua, kwetu mkono kichwani ni wa kilio. Wifi yangu akaniona, akapaza sauti:

"We wifi! Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mkono unaniuma."

"Basi ushushe! Unatuitia msiba. Au kuna unayetaka tumzike?"

Mjukuu alipopata homa, ikasemwa mimi ndiye niliyeiita. Tangu hapo wifi kila akiniona ananishusha mkono kwa nguvu. Na ninyi, tulipokwenda kuombea wagonjwa, mliniambia nibaki nje. Nje, kama mbwa! Nami mjinga nikatii. Nikawa naukalia mkono wangu, nisije nikajisahau. Miezi minane nilikaa na maumivu ili ninyi msiogope.

Aliyechoka ni mwanangu. Alinikuta nalia huku nimeukalia mkono, akanipeleka hospitali mjini. Tabibu alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Akaniamkia shikamoo. Wakati najieleza nikajisahau, mkono ukapanda kichwani. Nikaushusha haraka.

"Samahani, mwanangu, simwitii mtu msiba."

"Urudishe, bibi. Ukiuweka hapo unapata nafuu?"

Nikaurudisha kichwani, nikalia. Ndiye wa kwanza kuniuliza.

Akanikalisha kwenye stuli. Akanilaza kichwa upande unaouma, akakikandamiza taratibu kutoka juu. Moto ukakimbia mpaka gumba, nikapiga yowe. "Pole bibi, nimeacha." Kisha akanishika kidevu na kisogo, akakiinua kichwa kama anayemtua mtu mtungi. Maumivu yakapungua! Akanigonga kiwikoni kwa kinyundo cha mpira. Mkono wa kushoto uliruka, wa kulia ukalala tu. Akanipitishia pamba vidoleni, akaniambia nimminye mkono wake kwa nguvu zangu zote.

"Mshipa wa fahamu umebanwa hapa shingoni," akasema. "Ukiinua mkono, unalegea kidogo. Ndiyo maana."

Ndiyo maana! Mikono yake miwili, kinyundo, pamba. Kwa muda ule hata chai isingechemka. Nami nilikuwa nimeambiwa uzee, nimeambiwa mchawi.

Akanipa dawa, akanipeleka kwa anayefundisha mazoezi ya viungo, akanikataza mzigo kichwani na akaniambia nisikubali mtu aninyonge shingo kwa kuichua. Pole pole nguvu zikarudi. Jumapili iliyopita nimesonga ugali wa watu tisa.

Namshukuru mwanangu. Namshukuru yule binti. Namshukuru jirani mmoja aliyenitekea maji muda wote ule bila kuniuliza namwitia nani msiba. Nanyi mkienda zahanati, semeni, "Nishike hapa panapouma." Msinyanyuke kabla hawajashika.

Imebaki hasira moja, na hii ni yangu mwenyewe. Marehemu mama yangu, uzeeni, alikuwa akikaa hivi hivi, mkono kichwani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshusha. "Mama, unatuitia msiba." Naye anaushusha. Sijui kama ilikuwa shingo. Sikumuuliza.

Naomba tuanze sala kwa nia yake. Nami nitasali nimeweka mkono kichwani, ingawa hauumi tena. Anayeogopa msiba, mlango ule pale.