Jozi ya Ishirini na Tatu

Saa nne na nusu asubuhi, Jumanne, vipande arobaini na sita vya karatasi vilikuwa vimepangwa juu ya benchi la kahawa, nje ya duka la Fundi Cherehani. Kila kimoja kilikuwa picha ya kromosomu moja, zote za mtu mmoja. Mwenye vipande hivyo, Mama Kahawa, alikuwa ameenda bombani kuchota maji. Kazi ilitakiwa mezani kwa mwalimu wake saa nane. Alishafeli biolojia mara moja, na bila somo hilo chuo cha uuguzi hakimpokei. Wateja wake watatu wa kahawa, Fundi, Kinyozi na Mstaafu, aliwaomba jambo dogo tu: upepo usipeperushe kitu.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulinda kitu bila kukigusa.

Vipande vilikaa jozi jozi, kimoja kutoka kwa baba, kimoja kutoka kwa mama. Jozi ishirini na mbili zilifanana. Ya mwisho ilikuwa na kirefu na kifupi.

Kinyozi alisema mpiga picha alitikisika. Mstaafu alikataa, kifupi ni cha baba, na baba aliyelea watoto saba lazima apungue. Kinyozi akapandisha dau: basi mwenye kromosomu hizi anachechemea. Mstaafu akahitimisha kwamba huyu alikuwa na pacha, wakang'ang'aniana tumboni, na pacha akaondoka na kipande.

Fundi alichomoa mkasi mfukoni. Kwa miaka kumi na tisa hajamkabidhi mtu suruali yenye mguu mmoja mrefu, na hakuona kwa nini aanze leo, mlangoni pake mwenyewe. Akalaza kifupi juu ya kirefu, akapima kwa jicho, akakata kilichozidi.

— Sasa imekaa, alisema Kinyozi.

Mama Kahawa aliporudi alitua ndoo, akapitisha kidole juu ya vipande mpaka jozi ya mwisho. Kidole kikasimama.

— Nani alikuwa na mkasi hapa?

Kinyozi akatazama barabarani. Mstaafu akachungulia kikombe chake. Fundi, futi ya kupimia shingoni na mkasi mkononi, naye akageuka nyuma kumtafuta mhalifu.

— Shemeji, kirefu na kifupi ni mwanamume. Virefu viwili ni mwanamke. Wewe umenipa vifupi viwili.

— Huyo ni nani? aliuliza Fundi.

— Huyo hajawahi kuzaliwa.

Mstaafu alisema pengine yuko njiani. Hakuna aliyecheka. Mama Kahawa alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa ndoo yake na hakuwa na picha nyingine. Fundi alimwona akifuta macho kwa pembe ya khanga, haraka, kama mtu aliyeingiwa na moshi. Akapiga magoti, akapapasa chini ya benchi mpaka akakipata kile kipande kilichokatwa, kisichozidi ukucha, akachukua na kirefu pale benchini, akaingia navyo dukani bila kumtazama mtu.

Alitoka baada ya robo saa. Kirefu kilikuwa kirefu tena.

Saa nane kasoro dakika kumi Mama Kahawa alikabidhi kazi yake. Ilirudi Ijumaa ikiwa na alama kumi na nane kati ya ishirini. Pembeni mwa jozi ya mwisho mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Mwanamume, sahihi. Uzi mweusi ni wa nini?"